Yai la Viini Viwili kwenye Barabara ya Jedda

Rukia, Mwanakombo na Mama Furaha,

Tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kunywa chai ikiwa moto. Kila nikikaa ni, "Hebu tuambie, Salma yuko redio gani huko Saudia, tumtafute." Nimechoka kurudia, na kila nikirudia Rukia hunikata kalima aulize nilikula nini. Basi nimeandika, mtapokezana. Mwandiko ni wangu, na chakula nimekiweka palepale kilipoliwa.

Kwanza niungame. Habari kwamba mjukuu wangu anatangaza redio niliieneza mimi, Mtongwe nzima. Salma aliniambia kwa simu, "Nyanya, natazama galaksi kwa redio. Nachunguza gesi na viini." Katika hayo yote niliyoyashika ni mawili, redio na gesi. Redio nikawaletea nyinyi. Gesi nikampelekea Athumani wa duka la mitungi, na mpaka leo ananiamkia kama mtu aliye na jamaa katika kazi moja.

Si mtangazaji. Ni nini hasa, mtajua nilipojua mimi.

Angani, kwenda Riyadh

Nilikaa na msichana wa Kitui, Consolata Mwende, anakwenda kazi ya nyumbani kwa mara ya kwanza. Chakula kilikuwa wali na kipande cha kuku kidogo hata nikamwonea huruma kuku mwenyewe. Consolata hakula. Nikamwuliza ataacha kuku wake aende wapi, akanisogezea, nikala wa pili.

"Susu, unaenda kuona nani?" akaniuliza, maana kwao nyanya ni susu.

"Mwanangu Riziki yuko Riyadh. Mjukuu wangu Salma yuko Jedda, kwenye redio."

"Redio gani?"

"Ya mbali sana," nikamwambia. Kumbe nilisema kweli bila kujua.

Riyadh, kwa Madam Huda

Riziki mnamkumbuka. Aliondoka Salma akiwa hajajua kufunga viatu. Kazi yake imemsomesha mtoto mpaka huko alikofika, lakini siku za zawadi shuleni, kwenye kiti cha mzazi nilikuwa nakaa mimi. Kila mwaka Riziki aliahidi kuja, na kila mwaka likazuka jambo: madam mgonjwa, madam amesafiri, mtoto wa madam anaoa. Mtoto akawa anaangalia mlangoni mpaka jina lake liitwe. Baadaye akaacha kuangalia.

Nilimkuta jikoni kwa Madam Huda anapiga pasi. Baada ya kulia na kucheka na kunipima kama nimekonda, akanionyesha simu. Salma alikuwa ameandika: "Jumanne saa 10 nasimama mbele ya wataalamu. Niombeeni."

"Umeona, Mama?" Riziki akasema. "Niombeeni. Hajasema njoo. Ameacha kuniambia nije."

Akarudi kwenye pasi, akaipitisha juu ya shati lililokwisha kunyooka.

Basi nikamwambia aombe ruhusa, na asipoomba naomba mimi. Madam Huda ni mtu wa rika langu, na goti lake bovu ni la kushoto kama langu, tukapendana hapohapo. Akatukaribisha kahawa na tende. Riziki akaanza kumweleza kwa Kiarabu kwamba binti yake anasoma Jedda. Madam akauliza anasoma nini. Kabla Riziki hajapata neno, mimi nikadakia.

"Redio! Gesi!"

"Ghaz?" Madam akakaa wima.

"Ghaz!" nikasema, nikapiga kifua.

Akanyoosha kidole jikoni na kuongea kwa kasi. Kumbe jiko lake linatoa moshi mweusi tangu zamani, kila fundi anakuja anagonga anaondoka. Riziki akafungua mdomo amsahihishe, nikamkanyaga mguu.

"Yalla, yalla," Madam akasema. Siku mbili, Jumatatu na Jumanne, na arudi na huyo binti wa gesi.

Riziki alinisuta jikoni. "Mama, umemdanganya mwajiri wangu."

"Nimesema gesi tu. Jiko ameliongeza mwenyewe."

Halafu nikafanya kosa, na nataka mlikumbuke kwa sababu mbele litanidai. Riziki alitaka kumwambia Salma kwamba tunakuja. Nikamkataza. Nikasema, "Umemwahidi mara ngapi ukakosa? Safari hii usiahidi. Tumtokee tu, aone."

Riziki akafikiri, akatabasamu, akaweka simu chini. Wazo lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho.

Ndege tuliyoikosa

Tiketi za kwenda Jedda alizikata mtoto wa Madam, akanipa karatasi mimi. Niliiweka kifuani kama hirizi. Imeandikwa nane, na sifuri zake. Nikamwambia Riziki, "Ndege yetu Jumatatu, saa nane." Yeye alikuwa anapika chakula cha siku mbili cha nyumba nzima, hakuomba kuitazama. Ananiamini, maskini.

Adhuhuri ilipoadhiniwa tukafika uwanjani, tumeoga, tumejipaka udi, nina mfuko wa mahamri ya Salma. Dada wa kaunta akaangalia karatasi, akatuangalia.

"Halas," akasema.

"Halas nini, mwanangu?"

"Halas, tayyara." Akaonyesha juu kwa mkono, vuu.

Ndege ilikuwa imeondoka asubuhi, saa mbili yetu, tukiwa tunakoroga mchuzi. Riziki akaniangalia. Mimi nikaangalia mifuko. Ndege nyingine zote zimejaa mpaka Jumatano.

Najua Mwanakombo atasema hapo ndipo tungejiuliza kuhusu ile saa 10 ya Salma. Hatukujiuliza. Tiketi ni ya wenye ndege. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, wa mtoto wetu. Saa kumi ni saa kumi, jioni, watu wakitoka kuswali Alasiri.

Al-Sulay, gari la Barasa

Riziki hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alipiga simu kwa Barasa, kijana mtu mzima wa Bungoma aliyewahi kuwa dereva wa nyumba ile. Sasa anaendesha gari la mizigo la bohari moja ya vipuri huko Al-Sulay, na kila Jumanne anakwenda Bandari ya Jedda kuchukua shehena. Akasema nafasi mbele ipo, tukikubali kubanana, tuwe pale baada ya swala ya Alfajiri.

Tulimkuta anapiga mateke magurudumu, namna ya madereva. Akavua kofia.

"Karibu, kukhu."

"Nani kuku?" nikauliza.

"Kukhu. Kwetu ni nyanya. Ni heshima."

"Kwetu kuku hufugwa, akizeeka akachinjwa."

"Na kwenu nyanya hukatwa akatiwa kwenye mchuzi," Barasa akasema. "Panda, kukhu."

Nikampenda.

Akaahidi kutufikisha kabla ya saa kumi jioni. Tulipoacha mji likaja vumbi. Si vumbi la kwetu la kufagia. Hili lilisimama kama ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, tukawa hatuoni hata pua ya gari. Barasa akapunguza mwendo, akawasha taa, na akaacha redio yake iimbe. Mwanamke wa Kiarabu alikuwa analalamika kuhusu mapenzi, sauti safi, kila neno.

"Ajabu," nikasema. "Sisi hatuoni, na yeye anatufikia."

"Mawimbi ya redio hayajali vumbi, kukhu. Yanapita tu."

Riziki alikuwa katikati yetu anahesabu saa kwa midomo. Kila mara anauliza, "Tutafika?" Barasa anajibu, "Tutafika, dada." Vumbi lilipofunguka alikanyaga mafuta mpaka mifuko ikahama.

Mayai, kwa Saleh

Rukia, kula sasa. Katikati ya jangwa kuna mkahawa wa Myemeni aitwaye Saleh, kando ya kituo cha mafuta. Alituletea maharage yaliyopondwa yenye mafuta juu, mkate mpana kama ungo uliotoka motoni, chai ya sukari nyingi, na mayai ya kukaanga, viini vizima. Nikavunja kipande cha mkate nichovye, nikasimamisha mkono. Yai langu lilikuwa na viini viwili, vimebanana ndani ya ute mmoja.

"Tazameni!" nikasema. "Yai moja, viini viwili."

"Kukhu ametaga," Barasa akasema, na Saleh, ambaye hakujua Kiswahili, akacheka kwa sababu Barasa anacheka.

Nikawaeleza kwamba mayai ya namna ile huyajua kabla ya kuyavunja. Nayamulika kwa tochi. Ganda kwa nje ni moja, lakini ukiweka mwanga nyuma yake unaona vivuli viwili. Barasa akasema na huko mbele kuna mwenye mambo ya viini, kama Riziki alivyomweleza njiani, si ndiyo? Akamwomba Riziki ule ujumbe, aone ukumbi uko wapi.

Akasoma. Akasoma tena. Akaacha kutafuna.

"Dada Riziki. Hii ni saa kumi ya nani?"

"Ya nani vipi?"

"Ameandika kumi ya tarakimu. Yuko na wageni mchana kutwa, wote wanasema ten. Mimi nikiandikiwa hivi na bosi, ni saa nne asubuhi."

Riziki akaangalia saa ya ukutani kwa Saleh. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano.

Akapiga simu. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa, kama inavyozimwa simu ya mtu anayesimama mbele ya watu. Saa nne ikafika, mbele yangu yai linapoa, na nusu ya safari ilikuwa bado.

"Turudi," Riziki akasema. Alisema polepole, hakulia. "Nimeshakosa tena. Nikifika nitamwambia nini? Bora asijue nilijaribu."

Jamani, hapo ndipo lile kosa liliponidai. Kama si mimi na kumtokea kwangu, angemwambia mtoto anakuja, na mtoto angesema, Mama, ni asubuhi. Nikataka kumwomba radhi, likatoka jingine.

"Barasa lazima afike bandarini," nikasema. "Wewe ukitaka kubaki, baki, umsaidie Saleh vyombo. Mimi mjukuu wangu nina mahamri yake."

Nikala lile yai, viini vyote viwili, kwa sababu lingetupwa. Nikaenda kukaa garini. Kwenye kioo nikamwona Riziki amesimama na mkate mkononi. Kisha akaja.

Njia ya kuzunguka

Riziki alikaa na simu mapajani, akiitazama. Mara simu ikalia. Aliidaka kwa mikono miwili.

"Salma?"

Ilikuwa Madam Huda. Tulisikia sote. "Riziki! Ghaz?"

"Inshallah, madam," Riziki akajibu, akaizima, akaniangalia vile mlivyowahi kuniangalia nyote watatu.

Tulipokaribia Makka barabara iligawanyika. Waislamu huku, wengine kule, wazunguke. Barasa akaenda kule, kwa sababu yeye ni wa kanisa.

"Inapoteza muda gani hii?" nikamwuliza.

"Kiasi, kukhu."

"Basi silimu mara moja, tupite moja kwa moja. Jedda tutazungumza upya."

"Kukhu! Mama yangu ni kiongozi wa kina mama kanisani. Atatembea kwa miguu kutoka Bungoma aje anichape hapahapa, barabara ya kuzunguka."

Riziki akacheka. Alicheka akiwa ameziba uso, na kicheko kikageuka, na kikarudi kuwa kicheko. Nikamshika goti. Hapo ndipo niliposema, "Mwanangu, nisamehe." Akasema, "Nilikubali mwenyewe, Mama. Nilitaka kumwona akishtuka."

Jedda

Ramani ya simu ya Barasa ilitupitisha Al-Baghdadiyah, mitaa ya maduka na nguo zinaning'inia madirishani, ikatufikisha kwenye ukumbi wa harusi. Bwana wa mlangoni akatukaribisha tuingie kabisa, nilivyovaa nilifaa. Tukageuza. Tulipofika ukumbi wenyewe, chuoni, saa ilikuwa kumi kamili. Saa kumi yetu.

Mlango wazi. Ndani mwanamume mmoja anapanga viti, mmoja juu ya mwingine. Jina lake Rafiq, wa Bangladesh, nilimwuliza baadaye. Mbele, chini ya kitambaa cheupe, mjukuu wangu anakunja waya.

Riziki akasimama mlangoni. Hakuweza kuingia. Salma akainua kichwa, akaangalia mlangoni, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Mama?" Waya ukamponyoka. "Kwani ulipata ruhusa?"

"Niliipata," Riziki akasema. "Tulikuja kwa barabara. Nilidhani ni saa kumi."

"Ndiyo, saa k..." Salma akaziba mdomo. "Asubuhi. Ilikuwa asubuhi, Mama. Sikuandika asubuhi."

"Najua. Watu walikuja?"

"Walikuja wengi."

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Alhamdulillahi," Riziki akasema, akaangalia sakafu.

Wakasimama hivyo, huku mmoja na huku mwingine, na viti vitupu katikati. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, Barasa akanivuta kanzu.

Salma akamwendea Rafiq, akamwambia kitu kwa Kiarabu. Rafiq akaangalia rundo lake la viti. Akashusha vinne. Cha nne alikalia yeye.

"Kaeni," Salma akasema. "Simu zenu zizimwe." Akawasha mashine, kitambaa kikawaka.

Alianza vibaya. Alisema neno moja la Kizungu, akasita. Kumbe hajawahi kuyasema haya kwa Kiswahili, hata peke yake. Akaanza tena. Galaksi, akasema, ni kundi la nyota zisizo na hesabu, na dunia yetu imo ndani ya moja. Mara nyingine galaksi mbili zinavutana mpaka zinakuwa moja. Nyota kwa nyota hazigongani, kwa sababu nafasi kati yake ni kubwa mno, zinapishana. Gesi ndiyo inayogongana. Gesi baridi iliyotawanyika inapoteza mwendo wake, inaporomoka katikati, na kule katikati, kwenye kiini, kuna shimo zito jeusi. Likilishwa gesi, kiini kinaamka na kuwaka.

"Na mnasikiliza redio yake," nikasema, niwe nimechangia.

"Hatusikilizi, Nyanya. Redio ni nuru tusiyoiona kwa macho. Tunaipokea kwa masahani makubwa, kisha tunachora ramani. Kwa macho hatuwezi, kwa sababu vumbi limefunika kila kitu."

"Redio haijali vumbi," Barasa akasema. "Inapita tu."

Salma akamgeukia. "Wewe unasoma nini?"

"Mimi? Dereva wa vipuri."

Akatuonyesha picha mbili. Ya kwanza, doa moja la ukungu. Ya pili, mahali palepale kwa redio, na ndani ya ukungu nukta mbili zinazowaka, karibukaribu. Nikanyanyuka kitini.

"Yai la viini viwili!" nikasema. "Umelimulika!"

Nikamweleza tochi na ganda. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema asubuhi profesa mmoja alimbana amejuaje kuwa ni viini viwili na si kimoja kinachorusha cheche pembeni, naye akamjibu kwa hesabu ukurasa mzima. "Ningekuwa nawe ningemwambia hili kwanza," akasema, "halafu hesabu." Mwambieni Athumani kwamba gesi ipo, lakini haijazwi kwenye mtungi. Madam Huda nitamtafutia neno mwenyewe.

Mwisho Salma akasimama wima, mikono nyuma, kama siku za shule. "Kuna swali?"

Riziki akainua mkono juu, kama mtoto wa darasani.

"Uliza, Mama."

"Hizo mbili. Tangu zianze kutafutana mpaka zikae pamoja, ni muda gani?"

"Mamilioni ya miaka, mamia ya mamilioni. Haziungani mara moja, Mama. Zinakaribiana, zinapitana, zinakwenda mbali, halafu zinarudi. Zinapitana hivyo mara kadhaa kabla hazijatulia."

Riziki akaangalia saa ya ukutani, akamwangalia mtoto wake.

"Basi mimi," akasema, "sikuchelewa."